Gego Lililozibwa Linauma Tena: Uliza Linauma Lini

Mvuvi mmoja wa Kizingitini aliingia kwenye chumba changu cha kutibu meno hapa Amu, mji wa Lamu, akiwa ameshika shavu. Siku tisa nyuma nilikuwa nimemziba gego la chini kwa risini nyeupe, akaondoka amefurahi. Sasa hata kukaa hataki. "Daktari, ling'oe tu, nipumue." Nikamuuliza linauma lini. "Nikila. Nisipokula halina neno." Maji baridi je? Hapana. Usiku? Analala vyema. Nikamkalisha wima, nikamwekea karatasi ya rangi kati ya meno, nikamwambia atafune kama anayekula mkate wa mofa. Ilipotoka, juu ya kizibo palikuwa na doa moja la buluu, dogo kama kichwa cha kiberiti, zito kuliko madoa yote ya jirani. Nikapasugua mara tatu. Akatafuna hewa. Akatafuna tena, akanitazama.

"Ndiyo hayo tu?"

Ndiyo hayo tu. Nilimwambia uchungu uliobaki kwenye mzizi utamaliza siku kadhaa kabla ya kutulia, na ukatulia. Kosa lilikuwa langu. Siku ya kwanza nilipima meno yake akiwa amelala chali, nusu ya mdomo imekufa ganzi, na boti yake inangoja maji yajae. Mtu aliyekufa ganzi hajui meno yake yanakutana wapi. Tangu hapo simwachii mtu wa boti ashuke kwenye kiti kabla sijamkalisha wima na kumpima upya, hata nahodha akipiga kelele.

Naandika kwa sababu ya lile neno "ling'oe". Gego zima huenda kwenye ndoo kwa tatizo la dakika tano. Na upande wa pili wapo wanaovumilia wiki nzima uchungu ambao haukupaswa kuvumiliwa hata siku mbili. Jino lililozibwa husema lina nini, ila husema kwa wakati linapouma, si kwa ukali wa maumivu. Doa dogo la kizibo kilichozidi linaweza kumliza mwanamume mzima, na kiini cha jino, ile nyama ya ndani yenye neva, kikiwa kinakufa kinaweza kunong'ona tu.

Kwanza ujue tulichokufanyia

Risini ni plastiki laini iliyochanganywa na unga wa kioo, nayo hukauka ikipigwa na mwanga wa buluu. Haishiki jino hivi hivi. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Marekani alionyesha kwamba ukilipaka jino asidi, uso wake unakuwa na vishimo vidogo mno vya gundi kujishika. Mmarekani mwenzake, Rafael Bowen, akapata hataza ya risini yenyewe mwaka 1962. Mpaka leo kazi ni ile ile. Tunachimba uozo, tunapaka asidi ya fosfori ya asilimia 37, tunasuuza, tunapaka gundi, kisha tunajaza tabaka kwa tabaka, kila moja lisizidi milimita 2, na kila moja linapigwa taa sekunde 20 au zaidi kutegemea mashine.

Risini ikikauka husinyaa, kama asilimia 2 au 3 ya ujazo wake. Si nyingi. Lakini shimo lililo katikati ya gego lina kuta tano zilizogundishwa na uso mmoja tu ulio wazi, kwa hiyo risini inaposinyaa huvuta kuta zote kwa pamoja. Ama gundi inaachia mahali, ama jino linabaki limevutwa. Ndiyo maana hatujazi shimo zima kwa mkupuo. Ukimwona daktari anaweka kidogo kwenye kona hii, anapiga taa, anahamia kona ile, usimharakishe.

"Nikitafuna ndipo linaponiuma"

Hili ndilo nalisikia zaidi. Kiswahili chenyewe hutuchanganya hapa, maana jino huuma chakula na jino hilo hilo huuma kwa maumivu, basi mtu akisema "linauma nikiuma" namwomba anionyeshe badala ya kunieleza.

Kizibo kilichozidi kimo ndicho cha kwanza kushukiwa. Unene wa karatasi tu unatosha kulifanya jino ligongwe kabla ya wenzake. Nyuzi zinazoushika mzizi ndani ya taya zinachoka, zinavimba, na mtu anaanza kusema jino "limerefuka". Maumivu haya huanza ganzi inapotoka, huja meno yakikutana, na huondoka mdomo ukitulia. Dawa yake ni karatasi ya rangi na kusugua. Usiambiwe "litazoea". Ukipita siku tatu nne na bado unatafunia upande mmoja, rudi.

Sasa sikia palipo pagumu. Wakati mwingine karatasi inaonyesha madoa sawasawa, kizibo hakijazidi popote, na bado mtu akitafunia kitu kidogo kigumu, punje ya mchele isiyoiva kwa mfano, anaruka. Nimeona vizibo vilivyosuguliwa mara tatu, mara nne, mpaka vikawa bonde, na maumivu yako pale pale. Hapo kusugua hakusaidii. Gundi haikushika chini ya shimo. Dentini, ile tabaka ya jino iliyo chini ya enameli (ganda gumu la nje), imejaa mifereji midogo mno yenye majimaji. Kukiwa na pengo chini ya kizibo, pengo linajaa majimaji hayo, na kila ukitafuna kizibo kinayasukuma kuelekea kwenye neva. Sababu ni moja kati ya chache: mate yaliingia kabla ya gundi kupakwa, asidi ilikaa muda mrefu mno juu ya dentini, ambayo sekunde 15 zinaitosha, dentini ilipulizwa hewa mpaka ikakauka kupita kiasi baada ya kusuuzwa, gundi ikakosa pa kupenya, au risini ilijazwa nene kwa mara moja. Kizibo kama hicho kinatolewa chote na kazi inaanza upya. Najua mgonjwa hapendi kusikia hivyo, na daktari hapendi kusema.

Kuna aina ya tatu. Uchungu mkali kama umeme unaokuja si unapobana bali unapoachia. Huo unanifanya nitafute ufa. Magego yenye kizibo kikubwa hubaki na kuta nyembamba, na kwetu pwani kuta hizo zinapewa kazi zisizo zake: kuvunja gando la kaa, kufungua chupa ya soda, kusaga barafu. Humwekea mtu kijiti kigumu juu ya kila ncha ya jino, moja baada ya nyingine, abane kisha aachie. Ncha inayomrusha ndiyo yenye ufa. Kuziba tena kwa risini ya kawaida hakutoshi hapo, inabidi ncha zifunikwe, kwa kofia ya jino ikiwezekana. Na ufa ukiwa umeshuka mpaka mzizini, basi hapo neno "ling'oe" limepata mahali pake.

"Maji ya barafu yanalichoma"

Uchungu wa baridi unaokuja ghafla na kuondoka ndani ya sekunde chache, baada ya shimo lenye kina, ni jambo la kutarajiwa. Neva imesumbuliwa na keekee, asidi na joto la taa, nayo inataka muda. Ninachotaka kujua ni mwelekeo: wiki hii ni nafuu kuliko wiki iliyopita? Ikiwa ndiyo, tunangoja, na wengi hutulia ndani ya wiki mbili mpaka nne. Ikiwa umekaa pale pale kwa mwezi, au unazidi, kizibo kinavuja na kinapaswa kufunguliwa.

Ila kabla ya kukilaumu kizibo, tazama jirani yake. Alikuja kwangu bibi mmoja wa Langoni, ana uhakika ni gego nililomziba. Nikapuliza hewa kidogo jino kwa jino. Gego langu kimya. Jino la mbele yake, ambalo fizi imeshuka na shina liko wazi kwa miaka ya kusugua kwa nguvu, ndilo lililomfanya anishike mkono. "Kumbe ni hili, mwanangu?" Mswaki wa mti ni mzuri, bibi, na ushikwe kwa vidole vyepesi.

"Linauma lenyewe, usiku, silali"

Hapa usingoje. Uchungu unaoanza bila kuguswa, unaoamsha mtu, unaopanda mpaka sikioni hata hawezi kuonyesha ni jino lipi. Uchungu unaowashwa na kahawa ya moto na kubaki dakika nyingi baada ya kikombe kuwekwa chini. Kiini cha jino kimevimba kiasi cha kutorudi. Mara nyingi si kwa sababu kizibo kimewekwa vibaya. Uozo ulikuwa umeshafika karibu na neva siku ile mtu alipokuja, na kuchimba kukamalizia. Daktari mwema humwambia mgonjwa mapema kwamba shimo hili ni la kina na huenda likageuka. Asipoambiwa, ana haki ya kukasirika.

Njia ni mbili, kutibu mizizi au kung'oa. Dawa za kuua vijidudu zinazonunuliwa duka la dawa vidonge vitano vitano hazitibu uchungu huu, kwa kuwa hapa tatizo ni uvimbe ndani ya kuta za jino, dawa haina pa kufanyia kazi, na mtu anabaki na jino bovu pamoja na vijidudu vilivyozoea dawa. Dawa za maumivu za kawaida kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti zinasaidia kufika kesho. Wala usiweke aspirini juu ya fizi: itaichoma fizi na jino litaendelea kuuma.

Jihadhari zaidi na siku uchungu unapokatika wenyewe. Watu hushukuru na kusahau. Neva imekufa, haina tena wa kulia, lakini uozo wake unashuka kwenye ncha ya mzizi, na baada ya wiki au miezi unatokea kipele cha usaha kwenye fizi. Na ukiona shavu au sehemu ya chini ya kidevu inavimba, homa imepanda, mdomo haufunguki, kumeza au kupumua kunakuwa kazi, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, boti ya dharura au ya kukodi, usiku au mchana. Usingoje boti ya asubuhi.

"Nyama inanasa kati ya meno, zamani haikuwa hivyo"

Huyu mgonjwa mara nyingi hana maumivu, ana kero. Kila mlo anatoka na kijiti. Baada ya miezi michache fizi ya pale inavuja damu, na baada ya mwaka jino la jirani nalo limeoza. Mimi huichukulia kero hii kwa uzito kuliko ule uchungu wa baridi wa siku mbili, kwa sababu uchungu wa baridi unaondoka na hii haiondoki.

Chanzo chake kiko katika tofauti ya risini na amalgamu, ile ya rangi ya fedha tuliyoizoea, ambayo sasa inapunguzwa duniani chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 kwa ajili ya zebaki yake. Uozo ukiwa ubavuni mwa gego, huwa tunazungusha bendi nyembamba ya chuma iwe ukuta wa muda. Amalgamu unaishindilia kwa nguvu, nayo inaisukuma bendi mpaka inagusana na jino la jirani. Risini haishindiliki. Ukiibonyeza inateleza, bendi inabaki ilipo, na bendi ikiondolewa kunabaki upenyo wa unene wake. Fundi wa jahazi wa Matondoni ataelewa dawa yake mara moja: ni kabari. Unapiga kabari ndogo ya mbao chini ya bendi, unaongeza pete ya chuma inayoyasukuma meno mawili yaachane nukta tu, unajaza, unapiga taa. Ukitoa kabari na pete meno yanarudiana na upenyo unazibika. Daktari akiruka kabari kwa haraka, nyama itanasa.

Upenyo ukishakuwepo haufungiki kwa kusugua. Ule upande unakatwa na kujengwa tena kwa kabari. Katika kungoja, pitisha uzi wa meno kila usiku, na vile vijiti vya kuokota barabarani uviache.

Uzi ukikatika au kuchanika kila ukipita pale, tatizo ni jingine: kuna ukingo wa risini uliochomoza chini, karibu na fizi. Unaweza kulainishwa kwa ukanda wa msasa mwembamba, mara nyingi bila sindano.

"Kimevunjika" au "kimetoka chote"

Kizibo cha risini kilichotengenezwa vizuri kinaweza kukaa miaka kumi na zaidi. Kikitoka ndani ya mwaka mmoja, kuna jambo.

Kikitoka kizima, safi, kama kokwa ya tende iliyotoka kwenye tende, mshukiwa ni unyevu. Tone moja la mate au damu juu ya jino lililokwishapakwa asidi linatosha kuharibu gundi. Kwenye magego ya nyuma kabisa, karibu na koo, hata pumzi ya mtu ina mvuke. Kwa hiyo usikatae ukiletewa pazia la mpira linalofunika mdomo na kuacha jino peke yake nje. Halipendezi, lakini ndilo linalokufanyia kazi. Na uozo ukiwa umeshuka chini ya fizi, mahali pasipokauka kwa namna yoyote, mimi siweki risini. Naweka sementi ya kioo, glasi ayonoma, inayovumilia unyevu na kutoa floraidi. Haina nguvu ya risini, lakini inashika. Hata njia ya kuchokoa uozo kwa vyombo vya mkono na kuziba kwa sementi hiyo, bila umeme wala keekee, ilianzia kwa majirani zetu Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na inatufaa sana visiwani.

Kikimomonyoka kidogo kidogo, juu kukiwa na vishimo, nashuku taa. Betri ikilegea, taa bado inawaka buluu na jicho halioni tofauti, lakini risini ya chini inabaki laini chini ya ganda gumu. Ncha ya taa ikiwa mbali na sakafu ya shimo lenye kina, vivyo hivyo. Umeme wetu unavyokatika, kupima nguvu ya taa kwa kipimo chake si anasa. Joto nalo lina lake: risini nyingi zinatakiwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25, na chumba kisicho na kipoza hewa Amu mwezi wa tatu kinazipita hizo asubuhi mapema. Zangu zinakaa kwenye jokofu, nazitoa mapema zilainike.

Kikivunjika kona tu na kilichobaki ni kizima, hakuna haja ya kukifukua chote. Risini mpya hushika risini ya zamani ikikwaruzwa na kupakwa gundi upya. Nawaomba wenzangu mfanye hivyo zaidi, kwa kuwa kila tukifukua kizibo tunachukua na kipande cha jino zima.

Kikivunjika, au kikitoka, na chini pana rangi ya kahawia iliyo laini, uozo umerudi. Hupenda kurudi pale chini karibu na fizi, kwenye upande unaogusana na jino jingine, na picha ya eksirei huuona kabla ya macho. Hapo nauliza habari za chai: sukari vijiko vingapi, mara ngapi kwa siku, na halwa baada ya kila kikombe cha kahawa au mara moja tu. Mate yanahitaji muda kuirudisha hali ya mdomo baada ya kila tamu, na mtu anayekunywa kidogo kidogo kutwa nzima hayapi muda huo.

Mstari wa kahawia ukingoni pekee, mgumu, usiochomeka, si uozo. Ni rangi ya chai au tambuu. Unasafishwa, maisha yanaendelea.

Kabla hujapanda boti

Ukiwa umekuwa ukitia mafuta ya karafuu kwenye tundu, sema. Sitakugombeza, ni dawa ya wazee na kweli inatuliza. Lakini kiini chake, yujenoli, huizuia risini kukauka, na nikijua nasafisha zaidi au naweka kizibo cha muda kwanza. Hata sementi nyingi za muda zina yujenoli, kwa hiyo kama uliziba kwa muda kwingine, nieleze na hilo.

Na kwa walio Faza, Siyu, Pate au Kiunga, ambao nauli yao ni sehemu ya matibabu, nitumieni ujumbe wa sauti kwanza wenye mambo matatu: linauma ukifanya nini, ukiacha kufanya hivyo linaendelea kwa muda gani, na lilianza lini tangu lizibwe. Nikisikia "nikitafuna, linaacha papo hapo, tangu siku ile ile", nitakuwekea dakika kumi na utaiwahi boti ya kurudi. Nikisikia "halijaniacha tangu jana magharibi", nitakwambia uje leo, na uwaambie nyumbani wasikungoje kwa chakula cha mchana.